Kichwa cha Ukurasa Ni Ahadi kwa Anayetafuta

Msikilizaji, mwaka 1925 kulikuwa na kitabu kidogo nchini Marekani kilichouza nakala 6,000. Mwaka 1926 kitabu hichohicho, kwa bei ileile ya senti tano, kikauza nakala 50,000. Hadithi ya ndani ilibaki vilevile. Mchapishaji wake, Emanuel Haldeman-Julius wa mji mdogo wa Girard, jimbo la Kansas, alikuwa amekibadili jina tu. Ilikuwa hadithi ya Mfaransa Théophile Gautier, na mwanzoni iliuzwa kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Ngozi ya Dhahabu. Haldeman-Julius akaiita Kumsaka Mpenzi Mwenye Nywele za Kimanjano.

Bwana huyu aliuza vitabu vyake, vilivyojulikana kama Little Blue Books, kwa njia ya posta. Alinunua kurasa nzima za magazeti akazijaza majina ya vitabu, mamia kwa mamia, kwa herufi ndogondogo, kila jina na namba yake. Mnunuzi hakuona jalada, hakuona picha, hakuonja hata aya moja. Aliona jina, akachagua namba, akatuma pesa. Kitabu kilichoshindwa kufikisha nakala 10,000 kwa mwaka kilipelekwa mahali alipopaita Hospitali, kikachunguzwa kinaugua nini, na mara nyingi dawa ilikuwa jina jipya. Maandishi ya mwanafalsafa Schopenhauer kuhusu sanaa ya mabishano yalikuwa yamedoda kabisa. Yalipoitwa Jinsi ya Kujenga Hoja kwa Mantiki, zikauzwa nakala 30,000. Haya aliyaeleza mwenyewe mwaka 1928 katika kitabu chake The First Hundred Million.

Nimemtanguliza kwa sababu orodha yake ya magazetini ndiyo hali ya kila anayeandika mtandaoni leo. Mtu anafungua simu, anaandika maneno mawili matatu Google, analetewa orodha. Kila ukurasa una mstari wake mmoja wenye maandishi makubwa kidogo kuliko mengine, na chini yake maelezo mafupi. Jicho linapita juu ya mistari ile kwa sekunde chache, kidole kinachagua mmoja. Kurasa nyingine, hata kama zina jibu zuri zaidi, zinabaki hapo zilipo.

Mstari huo unaitwa kichwa cha ukurasa, na wengi wenye tovuti hawajui kama wanao. Wanadhani ni yale maandishi makubwa yanayoonekana juu ya makala mtu akishafungua. Hapana. Ni sehemu ya pekee iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, iliyokuwepo tangu Tim Berners-Lee alipobuni lugha ya HTML mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yule aliyekutengenezea tovuti aliijaza siku ile, au programu iliijaza yenyewe, na tangu hapo pengine hakuna aliyeigusa. Ndiyo maana hadi leo unakuta kurasa za mashirika makubwa zinazojitambulisha kwa ulimwengu kwa neno moja tu: Nyumbani.

Na vichwa vilivyoandikwa kwa makusudi navyo vina ugonjwa wake. Kwetu tuna mazoea ya kuanza na heshima. Karibu kwenye tovuti rasmi ya taasisi fulani. Taarifa kwa umma kuhusu. Ifahamu kwa undani. Mambo muhimu unayopaswa kuyajua juu ya. Kwenye hotuba ni adabu nzuri, lakini kwenye orodha ya Google yanakula nafasi yote. Kondakta wa daladala hasimami mlangoni akataja jina la mwenye gari na mwaka liliposajiliwa. Anaita Mbagala, Mbagala, na anayekwenda Mbagala anapanda. Kichwa cha ukurasa nacho kitaje kwanza mahali msomaji anapokwenda.

Nafasi yenyewe ni finyu. Google hukata kichwa kulingana na upana wa kioo, na kwa kawaida kinachoonekana ni herufi kama 50 hadi 60, nafasi za katikati zikiwemo. Lugha yetu inapenda maneno marefu, kwa kuwa tunaunganisha nafsi, wakati, kitendo na kitendwa vyote pamoja. Kwa hiyo sisi tunabanwa zaidi. Chukua kichwa hiki: Taarifa kwa umma kuhusu utaratibu wa kuomba cheti cha kuzaliwa kwa mtu aliyechelewa kusajiliwa. Neno cheti linatokea baada ya herufi 40 na ushee. Yale maneno ya mwisho, aliyechelewa kusajiliwa, ambayo ndiyo shida halisi ya mama anayetafuta, hayataonekana kamwe. Sasa geuza: Cheti cha kuzaliwa kwa aliyechelewa kusajiliwa: hatua na ada. Ni herufi 60 kamili. Mama anajiona humo. Anajua kwamba akifungua atakuta hatua na atakuta ada, na wewe uhakikishe kweli vimo.

Kuna jambo jingine ambalo naliona zito kuliko urefu, nalo ni kwamba tunaandika vichwa kwa maneno ya ofisini. Daktari huandika shinikizo la juu la damu. Mgonjwa husema presha, presha ya kupanda, na hilo ndilo analoliandika kwenye simu usiku kichwa kinapomgonga. Mtaalamu huandika maambukizi ya njia ya mkojo. Kina dada mtaani wanasema yutiai. Google imejifunza kuunganisha maneno yenye maana moja, na kwa Kiingereza inafanya hivyo kwa ustadi, lakini hata pale inapouleta ukurasa wako mbele ya mgonjwa huyo, bado jicho lake ndilo linaloamua. Anatafuta neno lake. Asipoliona anapita, anaangukia kwa muuza dawa za miti shamba anayejua kuliandika neno presha na anayeahidi kuponya kwa siku saba. Mimi jambo hili linaniuma. Hospitali zina ukweli, wauzaji wa miujiza wana lugha ya watu, na katika orodha ya Google lugha ya watu inashinda. Dawa yake ni ndogo mno: Presha ya kupanda (shinikizo la juu la damu): dalili na tiba. Mstari mmoja umeshika maneno ya pande zote mbili.

Maneno ya watu utayajuaje? Google yenyewe hutoa bure kwa kila mwenye tovuti chombo kiitwacho Search Console. Ukishathibitisha kwamba tovuti ni yako, kinakuonyesha maneno halisi ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukatokea, umetokea mara ngapi, umebofywa mara ngapi, na kwa wastani ulikuwa nafasi ya ngapi katika orodha. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma miezi 16. Tafuta kurasa zinazoonekana mara nyingi sana lakini zinabofywa kidogo, ilhali zimekaa nafasi za juu. Hizo ndizo za kupelekwa Hospitali kwa Haldeman-Julius. Ukurasa unaoonekana mara 10,000 na kubofywa mara 150 una uwiano wa mibofyo wa asilimia 1.5, na kama umekaa nafasi ya tatu au ya nne, kichwa chake ndicho mtuhumiwa wa kwanza.

Lakini hapa pana mitego, na watu wengi, hata wanaolipwa kwa kazi hii, wananaswa. Mtu anabadili kichwa Jumatatu, Ijumaa anaangalia, mibofyo imepanda, anashangilia. Pengine Google ilikuwa haijaurudia ukurasa na kichwa cha zamani bado ndicho kinachoonekana. Kuusoma upya huweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa. Pengine ukurasa ulipanda kutoka nafasi ya nane hadi ya tatu kwa sababu nyingine kabisa, na ukurasa wa nafasi ya tatu hubofywa zaidi kwa vyovyote vile. Pengine ni msimu. Ukurasa wa nyakati za futari, ukiubadili kichwa siku mbili kabla ya mwezi kuandama, utapata wasomaji wengi ajabu hata kama kichwa kipya ni kibaya kuliko cha kwanza. Ukurasa wa matokeo ya mitihani vivyo hivyo. Linganisha majira na majira yake, nafasi na nafasi yake.

Upo pia mtego wa kinyume, unaowafanya watu waache kazi nzuri. Tuseme ule ukurasa wa mibofyo 150 katika mionekano 10,000 umebadilishwa kichwa, ukaingizwa neno presha. Google sasa inauonyesha kwa watu wengi zaidi, wengine mbali kule chini ya orodha. Mionekano inafika 20,000, mibofyo inafika 210. Uwiano umeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 1.05. Anayetazama asilimia peke yake atasema tumeharibu, turudishe cha zamani. Ilhali kuna watu 60 zaidi waliofika na kusoma. Asilimia ikisomwa bila hesabu ya watu walio nyuma yake hupotosha.

Mwenye kurasa nyingi zinazofanana anaweza kupima vizuri zaidi. Mwenye tovuti inayotoa bei za mazao kwa kila wilaya, kwa mfano, abadili vichwa vya nusu ya wilaya aache nusu nyingine, asubiri wiki sita, alinganishe makundi mawili. Mvua ikinyesha au soko likiyumba, litayumba kwa wote. Mwenye kurasa chache abadili mmoja mmoja, aandike tarehe, na asiguse kitu kingine kwenye ukurasa huo kwa muda. Na ukurasa unaofanya vizuri auache. Kichwa ni mojawapo ya mambo ambayo Google huyasoma ili kujua ukurasa unahusu nini, hivyo ukiondoa neno lililokuwa likiuleta mbele ya watu unaweza kuuzamisha kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nitake kuzungumza leo. Ukishajua kwamba kubadili mstari mmoja kunaleta wasomaji, kishawishi cha kudanganya kinakuja haraka sana. Mwaka 2012 Marekani ilianzishwa tovuti iitwayo Upworthy. Waandishi wake walitakiwa kubuni vichwa 25 kwa kila habari, kisha vichwa kadhaa vikajaribiwa kwa wasomaji halisi, na kilichobofywa zaidi kikashinda. Vilikuwa vichwa vya kukata pumzi: hutaamini kilichotokea baadaye. Wakapata wasomaji kwa mamilioni kupitia Facebook. Agosti 2014 Facebook ikatangaza kwamba itaanza kutazama watu wanakaa muda gani kwenye habari wanayoifungua. Wakirudi upesi, hiyo ni dalili kwamba kichwa kiliwahadaa, na habari za namna hiyo zitaonyeshwa kwa watu wachache. Kumbukumbu za majaribio ya Upworthy baadaye zilitolewa kwa watafiti, zaidi ya majaribio 32,000, na mwaka 2023 jarida la Nature Human Behaviour likachapisha walichokiona: katika kichwa cha urefu wa wastani, kila neno moja zaidi lenye hisia hasi liliongeza uwiano wa mibofyo kwa asilimia 2.3. Maneno ya furaha yaliupunguza.

Matokeo hayo yanatisha, na wapo wanaoyachukua kama maelekezo ya kazi. Mimi nasema wasome vizuri. Msomaji wa Upworthy alikuwa anapitapita tu, hana shida maalumu, akavutwa shati. Anayeandika kwenye Google ana shida tayari. Mtoto ana homa. Mkopo unadaiwa. Mahindi yameingia viwavi. Huyu hahitaji kuamshwa hamu, hamu anayo. Anahitaji kujua ni ukurasa upi una jibu lake. Kumwandikia kichwa cha mafumbo ni kumcheleweshea msaada.

Na Google nayo inaona. Oktoba 2023, katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo kwa kuhodhi soko, mmoja wa makamu wake wa rais, Pandu Nayak, alieleza mahakamani kuhusu mfumo uitwao Navboost, unaotumia kumbukumbu za mibofyo ya watumiaji ya miezi 13 katika kupanga orodha. Kuhusu vichwa vyenyewe, kampuni hiyo ilitangaza Agosti 2021 kwamba imeanza mfumo mpya wa kuchagua kichwa cha kuonyesha. Kikiwa kirefu mno, au kimerundikwa maneno yaleyale mara tano, au kimeandikwa Nyumbani tu, inaweza kukiacha na kuchukua maandishi mengine kutoka kwenye ukurasa. Wenye tovuti walilalamika sana, na Septemba mwaka huohuo Google ikasema imerekebisha, na kwamba sasa inatumia kichwa cha mwenye ukurasa kwa asilimia kama 87 ya wakati. Kwa hiyo kichwa unachokiandika bado kina nguvu kubwa, ila anayekitumia vibaya huporwa kalamu.

Lakini zaidi ya Google, nawafikiria watu wetu. Katika nchi zetu kubofya kunagharimu. Kijana aliyemaliza chuo ananunua bando la siku, anatafuta nafasi za kazi. Anaona kichwa kinachosema nafasi mpya, na mwaka huu umeandikwa waziwazi. Anafungua. Ndani ni tangazo la miaka miwili iliyopita, muda wake umekwisha zamani, mwenye tovuti amebadilisha mwaka kwenye kichwa na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Kijana anafungua jingine, ni hivyo hivyo. Bando linaisha. Yule mwenye tovuti amepata senti zake za matangazo kutoka kwenye mfuko wa mtu asiye na kazi. Huo ni wizi, na sioni sababu ya kuuita kwa jina laini. Kama unabadili mwaka kwenye kichwa, badili kwanza kilichomo ndani.

Turudi kidogo kwa Haldeman-Julius, maana anaweza kuonekana kwamba ndiye babu wa walaghai hawa. Hadithi ile ya Gautier inahusu kijana anayekwenda Antwerp kumtafuta mwanamke mwenye nywele za kimanjano kama wale waliochorwa na mchoraji Rubens. Jina jipya lilieleza kilichomo kwa usahihi kuliko la zamani, ambalo lingemfanya msomaji atarajie ngano ya Wagiriki wa kale. Schopenhauer naye kweli alikuwa akieleza namna ya kushinda mabishano. Sipendi kila jina alilolibuni, mengine aliyasukuma mno upande wa mapenzi ili yauze, lakini yale bora yalifanya kazi moja: yalimwambia mtu wa kawaida, kwa lugha yake, atakachokikuta. Kipimo hicho kinatosha hadi leo. Mwonyeshe mtu kichwa peke yake, mwulize anatarajia nini ndani, kisha mfungulie ukurasa. Akipata alichokitarajia, kichwa ni kizuri. Asipokipata, rekebisha kichwa au andika upya makala.

Wapo watakaosema muda wa haya yote umepita. Tangu Mei 2024 Google imeanza kuweka juu ya orodha muhtasari ulioandikwa na akili mnemba, kwanza Marekani kisha nchi nyingine. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani uliotumia kumbukumbu za Machi 2025 ulionyesha kwamba pale muhtasari ulipotokea, watu walibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 8 ya utafutaji wao, dhidi ya asilimia 15 pale usipotokea. Ni kweli, mibofyo inapungua. Ila kinachopungua kinahitaji kutunzwa zaidi, na wale wachache wanaobofya sasa ni wale ambao muhtasari haukuwatosha: wanataka fomu yenyewe, ada yenyewe, daktari mwenyewe.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye tovuti za Kiswahili, na zaidi kwa ofisi za umma, hospitali, vyuo na halmashauri, kwa kuwa ninyi ndio mnaotafutwa na watu wenye shida. Wiki hii chagueni kurasa kumi zinazoonekana zaidi. Someni maneno ambayo wananchi waliyaandika kuzifikia. Muiteni karani wa mapokezi, yule anayepokea maswali dirishani kila siku, maana anayajua maneno hayo kuliko mkurugenzi na kuliko fundi wa tovuti, kisha kaeni naye mwandike vichwa upya. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na haihitaji zabuni.